Kinyago cha Mwami na Ngao ya Mjerumani

Lukwakongo ni kinyago kidogo, cha kushikika kwa mkono mmoja. Uso wa mti umechimbwa kidogo ukafanana na moyo, pua ni nyembamba na ndefu, macho na mdomo ni nyufa tu. Uso umepakwa udongo mweupe, na kidevuni zinaning'inia ndevu za nyuzi za mmea, mara nyingi ndefu kuliko uso wenyewe. Mchongaji hakuongeza pambo, na ninavyokitazama ndivyo ninavyozidi kumheshimu kwa kujizuia huko.

Ni kitu cha Bwami, chama cha Walega (mwanachama wake huitwa mwami), majirani wa kaskazini wa Kasongo, mashariki mwa Kongo. Wazimba wa Kasongo wanaijua Bwami, na Wabembe wa upande wa Kabambare na Fizi pia. Wenye daraja la yananio ndio wanaomiliki lukwakongo. Waliofika kindi, kilele cha Bwami, wana lukungu, kinyago cha pembe ya ndovu kilichosuguliwa mafuta mpaka kikang'aa. Kofia ya kindi huwekwa mkia wa tembo.

Kichwa ndicho kinachotaja cheo hata katika nembo za koo za Kijerumani. Juu ya ngao hukaa kofia ya chuma: yenye nondo mbele ya uso ni ya kabaila, iliyofunikwa kabisa ni ya raia wa mjini. Juu yake mara nyingi huota pembe mbili za nyati. Ngao yenyewe ina sheria kali: dhahabu haikai juu ya fedha, wala rangi juu ya rangi. Simba mwekundu atawekwa kwenye dhahabu, hatawekwa kwenye buluu, kwa maana ngao ilipaswa kutambulikana kwa mbali, katika vumbi la vita na mashindano ya farasi. Ni ufundi wa jicho, na ninaupenda.

Lakini ngao hurithiwa kwa kuzaliwa, na lukwakongo hufikiwa kwa kupanda daraja, mwaka hadi mwaka, kwa mali na kwa mwenendo. Tena ngao husimama ilivyochorwa. Lukwakongo huvaliwa usoni, hufungwa mkononi au gotini, hutundikwa uzioni, huburutwa chini, na kila tendo lina methali yake. Mti ni uleule, fundisho ni jingine. Kwangu, hapo Mlega amemzidi Mjerumani.

Mwaka 1948 serikali ya Kibelgiji ilipiga marufuku Bwami. Vinyago vingi vikaishia Ulaya, vingine katika makumbusho ya Tervuren, na methali zilizovipa kauli hazikusafiri navyo zote. Vijana wa Kasongo, Kabambare na Pangi, kaeni na wazee wenu wenye kuzijua, mziandike kwa lugha zilimotamkwa, kila methali pamoja na tendo lake.