Hadubini, Darubini na Mdudu wa Malale

Neno darubini asili yake ni Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni kuona. Ni chombo cha nahodha na cha mtazama nyota. Lilipopewa kazi ya pili, ya kutazamia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, likawa lajipinga lenyewe, maana chombo cha kuonea mbali kiliwekwa juu ya tone la damu lililo chini ya pua ya mtazamaji. Waajemi walikwisha kutenga mambo hayo mawili. Hicho cha pili wakakiita khurdbin, kionea vidogo, na hadubini ya kamusi zetu yafanana nalo mno. Neno ni zuri, ingawa wengi wangali wakisema darubini.

Lakini kosa la jina la chombo halimdhuru mtu. Linalodhuru ni jina la kinachotazamwa. Mpanda na Mkoa wote wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, ni nchi ya miombo na ya ndorobo, na malale ya huko ni ile kali ya Afrika ya Mashariki, ambayo kimelea chake kilielezwa na Stephens na Fantham mwaka 1910. Mrina asali wa Inyonga akiambiwa kwamba damu yake haina mdudu wa malale, atafahamu nini? Mdudu wa malale kwake ni ndorobo, aliyemwua kwa kofi shingoni mwake mara nyingi. Naye hakudhani kamwe kwamba inzi huyo angeingia katika damu. Mtaalamu amesema kweli, na msikilizaji hakuambiwa kitu. Kimelea ni neno la kufaa, nalo halina budi kutenganishwa na mdudu amchukuaye.

Kisha kuna kupima. Hupimwa nafaka kwa pishi na nguo kwa yadi. Atazamaye damu hapimi, hutafuta. Katika tone bichi huangalia chembe nyekundu zikisukwasukwa na kitu kinachojinyonganyonga. Katika damu iliyokaushwa na kutiwa rangi ya Giemsa huona kiini na ukambaa mwembamba. Na vimelea hivyo huzidi na kupungua katika damu siku kwa siku. Kwa hiyo "huna ugonjwa" ni hukumu, bali "hakikuonekana" ni habari, nayo yamwachia mgonjwa sababu ya kurudi kabla ugonjwa haujaingia ubongoni, ambako matibabu huweza kuwa magumu na pengine maji ya uti wa mgongo hutazamwa pia.

Siku hizi zipo hadubini za taa ndogo ziwezazo kutumia betri, ambazo kimelea kilichotiwa rangi maalumu hung'aa ndani yake penye giza. Wengine wangeziita za mwangaza. Lakini kila hadubini ya kawaida yahitaji mwangaza. Hadubini ya mng'ao ni afadhali, kwa kuwa king'aacho ni kimelea chenyewe.