Maji Yanayokula Sabuni

Mgeni anayehamia Dodoma hulalamikia vumbi kwanza, kisha maji. Birika jipya linaota ukoko mweupe, nywele zinakakamaa baada ya kuoshwa, na kipande cha sabuni kilichotosha nguo za wiki nzima kule alikotoka hapa kinaisha shuka likiwa bado halijafuliwa. Wenyeji husema maji haya yanakula sabuni. Ni kweli tupu, na hata kiasi yanachokula kinapigika hesabu.

Uwanda wa kati hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 600, mara nyingi pungufu. Mito ya karibu hukauka. Ndiyo maana mji umeishi kwa maji ya chini ya ardhi, hasa ya visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Maji yaliyokaa muda mrefu ardhini huyeyusha kalsiamu na magnesiamu, na katika nchi ambayo jua hunyonya unyevu kuliko mvua inavyourudisha, chumvi hizo hujilimbikiza. Ugumu huo wenyewe hauna ubaya mkubwa kwa mnywaji; Shirika la Afya Duniani halijauwekea kikomo cha kiafya. Tabu iko kwenye beseni.

Chukua dumu la lita 20 lenye maji ya miligramu 300 za chokaa kwa kila lita. Humo mna gramu 6 za chokaa. Kabla sabuni haijagusa uchafu wowote, chokaa hiyo itakuwa imekamata gramu 37 hivi za sabuni halisi na kuzigeuza utando wa kijivu usioyeyuka. Na utando huo hauendi na maji. Hung'ang'ania nyuzi, ukalifanya taulo kuwa gumu na shati jeupe kuwa na rangi ya majivu, kisha ukashinda unasugua shingo na makwapa ya mvaaji. Mwenye ngozi imara hatajua. Mtoto mwenye pumu ya ngozi atajikuna usiku kucha, na mama yake atabadilisha sabuni mara tatu bila kupata nafuu.

Kuna mama wa Chang'ombe ya hapa Dodoma anayefulia nyumba kadhaa mjini, nami hupenda kumtazama akiwa kazini. Kinachonivutia kwanza ni kwamba hajazi beseni. Wengi wetu hujaza maji, tunamwaga sabuni ya unga, tunakoroga mpaka povu lipande, ndipo tunatumbukiza nguo. Yeye huilowesha nguo, huikamua, huitandaza, kisha hupitisha kipande cha sabuni ya mche pale penye kazi tu: kola, makwapa, pindo la mikono, magoti ya suruali ya shule. Sehemu nyingine za nguo hupata sabuni kwa kufikichwa pamoja na hizo. "Sabuni ni ya uchafu, mwanangu, si ya maji," aliniambia, wala hakuinua macho. Hesabu inamuunga mkono. Nguo iliyokamuliwa hubaki na lita moja ya maji au pungufu, na lita moja ya maji yaleyale haiwezi kula hata gramu 2 za sabuni.

Maji ya kulowekea huyaandaa jioni. Huponda bonge dogo la magadi, huukoroga unga wake ndani ya ndoo, hufunika na kwenda kulala. Asubuhi vumbi jeupe limetua chini, naye humimina maji ya juu polepole bila kuitikisa ndoo. Kila mpishi wa maharage wa mkoa huu anayajua magadi kwa sababu inayofanana: kalsiamu ya maji huyafanya maganda yagome kulainika, na magadi huyalegeza. Kwenye ndoo ya kufulia magadi huikamata chokaa na kuiangusha chini, ili sabuni isilazimike kufanya kazi hiyo. Zile gramu 6 za chokaa zinataka gramu 14 hivi za magadi safi, na magadi huuzwa kwa mafungu, kwa bei ambayo hakuna sabuni inayoikaribia. Kuchemsha nako hulainisha maji, lakini huondoa sehemu tu ya ugumu, na mkaa hauna bei ya kuchezea.

Hata hivyo magadi ni makali. Yakizidi hubabua mikono, huchujua rangi za vitenge na kuharibu sufu na hariri. Mkono wake ni mwepesi hapo, na nadhani wepesi huo ndio ufundi wenyewe. Anajua kwamba kila anachokitia kwenye maji itambidi akitoe kwenye nguo.

Ndiyo maana hukamua kwa bidii kuliko anavyosugua. Tuseme nguo imebaki na lita moja ya maji ya sabuni, na una lita 10 za kusuuzia. Ukizimimina zote mara moja, ukasuuza na kukamua, sabuni inayobaki ni sehemu moja kati ya 11. Ukizigawa lita 5 mara mbili, ukakamua vizuri katikati, inabaki sehemu moja kati ya 36. Ukizigawa mara tatu, ni kama sehemu moja kati ya 80. Maji hayakuongezeka hata kikombe. Lakini ukikamua kivivu, nguo ikabaki na lita 2 badala ya moja, zile awamu mbili za lita 5 zitakuachia sehemu moja kati ya 12, karibu sawa na aliyemwaga maji yote kwa mkupuo. Mama huyu hajawahi kuziandika hesabu hizi popote. Viganja vyake vinazijua, na akihisi nguo bado inateleza kati ya vidole, huirudisha.

Kwa mwenye ngozi nyepesi, hapa ndipo penye dawa. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 336 wenye pumu ya ngozi. Watoto wa kundi moja walifungiwa nyumbani mashine za kulainisha maji, na baada ya wiki 12 hawakuwa na nafuu iliyowazidi watoto wa kundi la pili. Mwaka 2018 watafiti wa Sheffield waliwaosha watu 80 kwa maji ya aina mbalimbali, wakaona kwamba maji magumu huacha sabuni nyingi zaidi juu ya ngozi, na mabaki hayo huiwasha. Nikiyaweka matokeo haya pamoja, naona mshitakiwa mkubwa ni sabuni iliyobaki. Kwa hiyo anayebana sabuni na kuitoa vizuri analinda mfuko na ngozi kwa tendo moja, na ile pakiti ya unga wenye manukato makali, ikimwagwa ovyo, huvidhuru vyote viwili. Sabuni za unga hazigandi kwa chokaa kama ya mche, hilo ni kweli, lakini povu lake jingi hudai maji ambayo Dodoma hatuna.

Maji yenyewe hayatupwi mpaka yamechoka. Nguo za mtoto hutangulia, kisha nyeupe, kisha za rangi, kisha jinzi, mwisho matambara ya deki. Maji ya kusuuzia ya kundi la kwanza ndiyo ya kulowekea la pili. Mvua zikianza, huacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha hukinga maji na kuyatenga kwa ajili ya kusuuza nepi na nguo za ndani, kwa kuwa hayana chokaa ya kugandisha sabuni iliyosalia. Kiangazi, nyumba yenye siki humpa kijiko kimoja au viwili vya kutia kwenye ndoo ya mwisho ili kuua ukali wa magadi. Siki hiyo isikutane kamwe na jiki: vikichanganyika hutoa hewa ya sumu.

Kuanika nako kuna akili yake. Huikung'uta kila nguo kwa nguvu kabla ya kuitundika, maana jua la huku hukausha upesi na kuacha chumvi ndani ya nyuzi. Huanika mapema, upepo wa vumbi jekundu haujaamka, na huanua taulo zikiwa na unyevu kidogo, akazifikicha kwa mikono kabla hazijakauka kabisa.

Mikono hiyo ina nyufa. Kila akimaliza huiosha kwa maji yaliyotua, huikausha hadi katikati ya vidole, na kuipaka mafuta ya mgando. Waajiri wengi humkabidhi pakiti kubwa ya sabuni na kumpima kwa povu. Yeye hurudisha pakiti ikiwa zaidi ya nusu. Alichowahi kuniomba ni beseni la pili, ili nguo iliyokamuliwa isirudi kwenye maji ilimotoka.