Chini ya Weusi: Kuusoma Ubao wa Eboni wa Bei Nafuu

Ubao wa vidole wa besi ya kusimama, hasa ule wa bei nafuu unaokuja umeshagundishwa kwenye besi za viwandani kutoka China au unaouzwa peke yake ukisubiri fundi, unasomeka vizuri zaidi ukianzia nyuma. Uso wake wa juu umeandaliwa kwa ajili ya mnunuzi: umepigwa msasa, umepakwa mafuta, na mara nyingi umetiwa rangi. Upande wa chini, ule mfereji uliochimbwa ili kupunguza uzito wa sehemu inayoning'inia juu ya tumbo la ala, haukutarajia kuangaliwa na yeyote, ndiyo maana hauna adabu za kujificha. Huko alama za msumeno zimebaki, rangi imeishia njiani, na mti wenyewe unaonekana ulivyo.

Tuanze na weusi, kwa kuwa ndio unaotangulizwa sokoni. Sehemu kubwa ya eboni inayotumika leo katika ala za nyuzi ni Diospyros crassiflora, mti wa misitu ya Afrika ya Kati, Cameroon ikiwa mbele. Si mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, ambao huishia kwenye klarineti, obo na vinyago vya Wamakonde. Kiini cha Diospyros hakilazimiki kuwa cheusi tititi, kwani michirizi ya kahawia na ya kijivu hupita ndani yake bila kufuata utaratibu wowote. Kampuni ya magitaa ya Taylor, ambayo mwaka 2011 ilinunua kiwanda cha Crelicam mjini Yaoundé ikishirikiana na kampuni ya Kihispania, ilieleza hadharani kwamba wakataji walikuwa wakiangusha miti mingi na kuiacha msituni kwa kosa moja tu la kuwa na michirizi. Ikaamua kuitumia hiyo hiyo. Wengi huisimulia habari hii kama suala la mazingira, na ni kweli. Kwa mhakiki wa fani, hata hivyo, ina uzito mwingine: inathibitisha kwamba weusi ni matakwa ya jicho, na kwamba ugumu, uzani na mlio wa ubao havikuwahi kuutegemea.

Kwa hiyo rangi ya kutiwa si hatia yenyewe; swali ni inaficha nini. Kitambaa cheupe chenye tone la spiriti, kikisuguliwa kwenye ncha inayoelekea daraja, ambako vitundu vya mti viko wazi na vimekunywa rangi kwa wingi, kitatoa jibu la kwanza. Ikiwa chini ya rangi kuna eboni ya kahawia, mnunuzi amedanganywa juu ya sura tu na mpigaji hatapoteza kitu. Ikiwa kuna tabaka la nje la mti, lile jeupe na laini, nyuzi za chuma zitachimba vijifereji humo mapema sana. Na ikiwa kuna mti mwingine kabisa uliovikwa weusi, basi tunahakiki kazi nyingine, tena isiyo na jina lake halisi kwenye lebo.

Baada ya rangi huja mkondo wa mishipa, na hapa ndipo ubao wa bei ndogo hujipambanua. Ninao mmoja mezani, wenye urefu wa sentimita 86 hivi, mweusi wa kupendeza kabisa. Nikiushika ukingo wake wa upande wa uzi wa E mbele ya taa iliyowekwa chini, mwanga ukapita juu yake kwa ubavu, naiona mishipa ikienda sambamba na uso kuanzia kwenye kizingiti, kule nyuzi zinakoingia kichwani, hadi kupita katikati. Kisha taratibu inaanza kupanda, na karibu na theluthi ya mwisho inachomoza juu. Randa ikitoka kizingitini inateleza vizuri, lakini ikija kutoka upande wa daraja inang'oa vijibanzi hapo, kwa sababu inakutana na mishipa inayokuja kinyume. Aliyeutengeneza aliliona hilo: kuna vijishimo vitatu vilivyozibwa kwa gundi na unga mweusi, kwa ustadi ambao siwezi kuudharau, ingawa gundi humeta kuliko mti na taa ya ubavuni huianika mara moja. Vijishimo havina madhara makubwa. Madhara yako katika kilichovisababisha, kwani ubao ambao mishipa yake inatoka nje njiani hauna uthabiti sawa mwanzo hadi mwisho, na hali ya hewa ikibadilika utapinda hapo hapo.

Uzito ni ushahidi wenye ndimi mbili. Eboni njema huzama majini, na mkono hupenda kuamini kizito. Lakini mbao mbichi nazo ni nzito, na eboni hukauka polepole mno, kwa miaka badala ya miezi inapokuwa nene. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha suala zima: katika ubao wa bei nafuu, kilichopunguzwa kwa kawaida ni muda, kuliko hata mti wenyewe. Gogo huenda lilikuwa zuri, halikusubiriwa. Anayeweza kusubiri aupime ubao kwa mizani leo na aupime tena baada ya wiki kadhaa chumbani mwake: ukipungua, alichokuwa akikisifia ni maji. Asiye na nafasi hiyo aushike kwa vidole viwili kwenye karibu asilimia 22 ya urefu kutoka nchani (kwa ubao wangu ni sentimita 19), mahali ambapo ubao ulioachwa huru hautikisiki, kisha augonge katikati kwa kifundo cha kidole. Uliokauka na usio na ufa huitika kwa sauti yenye kimo kinachosikika na inayodumu kidogo. Mbichi hunyamaza mara.

Ukavu huu una maana ya pekee kwa wapigaji wa kwetu. Besi ya taarabu, ambayo mara nyingi hudonolewa kwa vidole, huishi Unguja katika hewa iliyojaa unyevu wa bahari. Na vikundi kama Culture Musical Club vimesafiri mara nyingi kwenda Ulaya, ambako kumbi hupashwa joto wakati wa baridi na hewa yake hunyonya unyevu wa mbao. Ubao ambao haukukaushwa sawasawa huweza kutulia nyumbani kwa muda mrefu, kisha ukapinda au kupasuka nchani mbali na fundi wake.

Limebaki umbo, ambalo wengi hulihukumu kwanza na ambalo mimi ningelihukumu mwisho. Ubao mzuri si bapa kwa urefu wake. Una mbonyeo mdogo, mara nyingi wa kati ya milimita 1 na 3, unaozidi kidogo upande wa E, kwa sababu uzi huo hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde na huhitaji nafasi pana kuliko G. Rula ya chuma ikilazwa kwa urefu, mwanga unaopenya chini yake unapaswa kukua na kupungua bila kukatika. Mahali unapozibwa pana kinundu, na noti zinazobanwa juu yake kidogo, upande wa kizingiti, zitakwaruza. Kwa upana, ubao umebinuka, na baadhi hukatwa bapa chini ya E kwa mtindo unaohusishwa na Bernhard Romberg, mpiga selo wa Ujerumani aliyefariki 1841. Mtindo huo wapigaji wengine huupenda na wengine huuona kero chini ya kidole. Mbao za viwandani huharibikiwa zaidi hapa: ama ni bapa kabisa, ama mbonyeo umekaa penye ncha badala ya katikati.

Lakini kasoro ya umbo hurekebishika. Fundi mwenye randa kali na subira huufanya ubao bapa uwe na mbonyeo unaofaa kwa siku moja, mradi kuna mti wa kutosha wa kuondoa; mkondo wa mishipa ndio hakuna randa inayoweza kuugeuza. Na kwa kuwa marekebisho yanahitaji mti wa kuondoa, kipimo changu cha mwisho ni unene wa ukingo. Kila marekebisho hula sehemu yake, na ubao uliotoka kiwandani ukiwa mwembamba umeshatumia akiba yake kabla ya noti ya kwanza; ukikondeshwa zaidi, unaanza kunyumbuka chini ya nyuzi na sauti inapungua uthabiti. Wauzaji, kwa bahati nzuri, bado hupanga eboni kwa rangi. Ubao mnene, mkavu, wenye mishipa iliyonyooka na michirizi ya kahawia kama minne hivi, kwa kawaida utaukuta kwenye daraja la chini, kwa bei ndogo kuliko huu mweusi ulio mezani kwangu.