Kusafisha Kizazi

Hapa Kirongwe tumewasikia watu wakisema wenye sikoseli wasizae, ili kizazi kisafishwe. Hapana. Wanafunzi wa Yesu nao walimwona kipofu wakatafuta mkosaji. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi chembe ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Huo wanaouita uchafu huenda ndio uliowavusha babu zetu wa pwani!

Kuponya ni jambo jingine. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba inayorekebisha chembe za urithi katika damu ya mgonjwa, bila kugusa uzao wake. Tunaishukuru. Lakini kwa dola milioni 2.2, mtoto wa Mafia bado analia usiku kwa maumivu ya mifupa, na mama yake anaambiwa asizae tena.