Angelina Jolie alituambia tuchague, lakini alituonyesha njia moja tu

Ndugu zangu wa promosheni, na ninyi wadogo mulio bado ku oditwari,

Mwisho wa mwezi wa tatu 2013, Angelina Jolie alikuja Goma pamoja na William Hague, waziri wa mambo ya inje wa Uingereza wakati ule, juu ya wanawake waliobakwa katika vita. Watu waliona mwigizaji wa filamu ndani ya kambi ya wakimbizi. Wachache sana walijua kama majuma machache mbele ya ile safari alipasuliwa na kutolewa nyama ya ndani ya maziwa yote mawili. Tarehe 14 mwezi wa tano alisema mwenyewe, katika gazeti New York Times, ku andiko fupi linaloitwa «My Medical Choice».

Mwaka huu tafsiri ya lile andiko ilizunguka tena mu WhatsApp ya familia yetu. Mdogo wangu wa kike akanipigia usiku: «Yaya, njo kusema na sisi batatukata?» Shangazi yetu alikufa na kanseri ya ziwa hata miaka 45 hajafikisha. Basi niliketi nikasoma andiko lenyewe, namna nilifundishwa kusoma ripoti ya shamba la majaribio: kimesemwa nini, na kimeachwa nini. Mimi nilisoma kilimo, si udaktari. Lakini kusoma tulifundishwa wote.

Kwanza haki yake. Andiko ni zuri. Halilii, halijivuni. Anaeleza kama mama yake alikufa na miaka 56, kama yeye alirithi jeni BRCA1 yenye kasoro, kama waganga walimhesabia hatari ya 87% ya kupata kanseri ya ziwa na 50% ya ovari. Anasema wazi kama sehemu ndogo tu ya kanseri za ziwa inatokana na urithi. Anataja hata bei ya kipimo cha jeni huko Marekani, zaidi ya dola 3.000. Mtu maarufu angeweza kunyamaza na kulinda sura yake. Yeye alisema, na huko Uingereza wanawake waliotumwa ku kliniki za urithi wa kanseri walizidi maradufu katika miezi iliyofuata.

Sasa lawama yangu. Andiko linasema mwanamke ajue kama ana chaguo. Lakini mulitafute mwanzo hadi mwisho: njia inayoelezwa ni kisu tu. Kubaki na maziwa yako na kuyachunguza kila mwaka kwa IRM, ile njia haiko. Na si kwamba ilikuwa bado kugunduliwa. Tangu 2007 chama cha kanseri cha Marekani, American Cancer Society, kilikuwa kimeshauri IRM kila mwaka, pamoja na mamografi, kwa mwanamke ambaye hatari yake ya maisha yote imefika 20 hadi 25% ao zaidi. Mwenye BRCA1 yuko ndani kabisa.

Kwa nini IRM? Ziwa la msichana limejaa tishu nzito. Ku mamografi ile tishu inatoka nyeupe, na kanseri nayo inatoka nyeupe: ni kama kutafuta kuku mweupe ndani ya pamba. IRM haitumii ile miali. Inatumia sumaku kubwa. Mwanamke analala kifudifudi, wanamtia dawa ya gadolinium ndani ya mushipa, na kwa kuwa uvimbe wa kanseri unajitengenezea mishipa mingi inayovuja, unanywa ile dawa haraka na kuonekana. Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2004, wenye wanawake 1.909 wa hatari kubwa, ulipima njia zote. Kwa kanseri 100 zilizokwisha kuingia ndani ya nyama, mikono ya munganga ilikamata kama 18, mamografi 33, IRM karibu 80.

Lakini nisifanye kosa lilelile la kuonyesha upande mmoja. IRM haizuii kanseri, inaiona mapema tu. Na inaogopesha bure: katika ule utafiti, kwa wanawake 100 wasio na kanseri, karibu 10 waliambiwa kuna kitu, wakati mamografi iliogopesha 5. Wale kumi watarudi kupimwa, siku ingine kukatwa kipande cha nyama, na usiku hawalali. Ovari nazo, IRM ya ziwa haizichungi. Jolie alikuwa na sababu za kuchagua upasuaji, na mwili ni wake. Silaumu alichochagua. Nalaumu kwamba aliyesoma anafunga ukurasa akifikiri kujua hatari ni sawa na kukatwa. Mwenye kufikiri vile ataogopa hata kuuliza.

Kuna pengo lingine, na hapa njo mtu wa kilimo anaamka. Andiko linaongea mama tu. Kwetu muuguzi mmoja alimwambia mdogo wangu asiwe na wasiwasi, eti shangazi ni wa upande wa baba. Ndugu zangu, nani kati yetu alipanda mahindi akasema mbelewele haihesabiwi? Jeni hii baba anaibeba na kuipitisha sawasawa na mama: kila mtoto, wa kike ao wa kiume, nusu kwa nusu. Shangazi anahesabiwa.

Je, ya nini kuongea IRM kwa mtu ambaye kwake ekografi yenyewe ni deni? Nilijiuliza. Lakini bei si mlima usiosogea. Mwezi mmoja tu nyuma ya lile andiko, tarehe 13 mwezi wa sita 2013, mahakama kuu ya Marekani ilikataa kampuni kumiliki jeni ya asili ya mwanadamu. Laboratwari zingine zikaingia, bei ya kipimo ikashuka. Kitu kisichotajwa hakuna anayekidai.

Mimi na mdogo wangu tulichukua karatasi, tukachora ukoo wa pande zote mbili: nani aliugua ziwa, nani ovari, akiwa na miaka mingapi. Baba alitutajia dada yake mwingine ambaye sisi hatukuwahi kumsikia. Sasa ile karatasi tunaipeleka kwa munganga, tukiuliza hatari yetu ni ngapi na njia ziko ngapi. Na tulikubaliana jambo moja: siku mkono utagusa kivimbe, hatungoji IRM ya mtu, tunaenda kesho yake.

Mulisoma udaktari, munikosoe. Wengine, mumuulize baba habari ya dada zake.