Mapande ya Watu: Sumo Yatua Muhumba!

Jamani, acheni kwanza mnachofanya! Tangu jana usiku simu yangu haipumziki hapa mtaani kwetu Muhumba. Nimezifungua mtandaoni chapa za mbao za Kijapani zinazotunzwa Art Institute ya Chicago, zile za wanamieleka wa sumo, na usingizi umenikimbia.

Anzeni na mchoraji Katsukawa Shunsho. Yeye na wanafunzi wake walikwisha kubobea katika sura halisi za waigizaji wa tamthilia za kabuki. Miaka ya 1780 wakauvamia ulingo. Mtazameni Tanikaze, aliyeshinda mara 63 mfululizo, na Onogawa, aliyemkatia mfululizo huo mwaka 1782! Shunsho hachori unene, anachora mtu: kila mmoja na jicho lake, pua yake, namna yake ya kulibeba tumbo.

Sasa ikuzeni picha. Mstari mmoja mweusi unashuka begani, unalizunguka tumbo, unazama chini ya mkanda. Kivuli hakuna, na bado uzito unausikia! Mstari huo mchongaji ameuacha umeinuka juu ya ubao wa mcheri kwa kuchimba mbao pande zake zote mbili. Akiteleza kidogo tu, umekwisha. Kisha kila rangi na ubao wake, na mpiga chapa anaisugua karatasi kwa mkono, rangi baada ya rangi.

Halafu mchoraji Sharaku, 1794: Daidozan Bungoro, mtoto wa miaka saba, kilo zipatazo 70! Nilicheka peke yangu.

Kasoro? Ipo. Kwa mchoraji Kunisada, karne ya 19, wanamieleka wengi wamesimama mkao ule ule, na baada ya wachache unaanza kuwachanganya. Lakini aproni zao za sherehe, mama yangu!

Chapa hizi ziliuzwa kwa mashabiki, na sisi tunaomjua Moke wa Kinshasa, aliyechora pambano la ndondi la Ali na Foreman la 1974, kiu hiyo tunaielewa: watu wanamtaka shujaa wao ukutani kabla jasho halijakauka.

Bei ya picha hizi leo? Bure, pakueni tu! Saizi ya chapa hizo, iitwayo oban, kama sentimita 39 kwa 26, inaingia kwenye A3. Mchana huu nampeleka Tanikaze kwa mtu wa fotokopi, na ole wake akimkata tumbo!