Prado Lililokataa Kupanda: Kwa Nini Fundi Alipima Kabla ya Kufungua

Toyota Prado toleo la 120, lililoundwa kati ya 2002 na 2009, limejaa katika barabara za Nairobi. Mengi yana springi za koili magurudumu yote. Baadhi ya yale yaliyotoka Japani yakiwa na vifaa vya kifahari yana mifuko ya hewa kwenye magurudumu ya nyuma. Dereva akibonyeza swichi upande wa kupanda, kompresa hujaza hewa na nyuma ya gari huinuka. Akibonyeza upande wa kushuka, valvu huachilia hewa. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hiyo mengi yalifika yakiwa yamekaribia umri huo, na leo yamezeeka.

Moja la magari hayo lilifikishwa kwenye gereji ya jua kali Kawangware, si mbali na Barabara ya Naivasha, na lalamiko lake lilikuwa moja tu: swichi ikibonyezwa lipande, halipandi. Mwenyewe alikuwa ameshauriwa kwingineko ang'oe mfumo wote wa hewa na kufunga koili. Ushauri huo una mahali pake. Mifuko ikichanika na kompresa ikaungua, koili huwa nafuu. Tatizo ni kwamba ulitolewa kabla ya mtu yeyote kupima chochote.

Fundi wa umeme aliyelipokea, mkazi wa kijiji cha Raila huko Kibera, hakushika spana. Aliuliza kwanza kama gari hulala nyuma likiachwa usiku kucha. Akajibiwa kwamba hapana, asubuhi huwa limesimama sawa. Jibu hilo lilipunguza sana shaka ya uvujaji, ila bado alipaka maji ya sabuni kwenye mifuko na viungo vya mipira. Hakuna povu lililofura.

Kisha akafanya jaribio ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Injini ikiwa inaunguruma, aliwaita vijana wa gereji wakae sehemu ya mizigo. Nyuma ilibonyea, na baada ya muda mfupi kompresa ikaanza kuvuma yenyewe, gari likarudi kwenye kimo chake. Waliposhuka, hewa ya ziada ikatolewa. Mfumo huu hujisawazisha bila amri ya dereva: sensa za kimo huiarifu kompyuta, nayo huwasha kompresa au hufungua valvu. Kwa hiyo jaribio hilo moja liliondolea lawama fyuzi, rilei, kompresa, valvu, mifuko na sensa. Kilichobaki ni njia ya amri ya dereva, yaani swichi, plagi yake na waya zake.

Hapa inafaa kuelewa swichi hufanya nini. Haibebi umeme wa kompresa. Huo ni mzigo wa rilei. Swichi ni tarishi tu. Aghalabu kompyuta hupeleka volti kwenye waya wa swichi kupitia kizuizi cha ndani, na dereva akibonyeza, vibati vya swichi hugusana na kuuunganisha waya huo na bodi ya gari. Volti zikianguka karibu na sufuri, kompyuta inajua imeamriwa. Tuseme kizuizi ni omu 1,000 na volti ni 12. Vibati vikiwa safi, ukinzani wake hauzidi omu moja, na volti huanguka kabisa. Vikishika kutu hadi omu 2,000, volti hubaki 8, na kompyuta haioni amri yoyote. Dereva anasikia swichi ikilia taki kama kawaida, na ndiyo maana haishukiwi.

Fundi alizima injini, akachomoa waya hasi wa betri na kusubiri zaidi ya sekunde 90, muda ambao Toyota huagiza kabla ya kugusa maeneo yenye mfumo wa mifuko ya ajali. Alipiga picha kwa simu, akainua vifuniko vya karibu na gia kwa kabari ya plastiki ili visikwaruzike, akafinya klipu ya plagi badala ya kuvuta waya. Mita ilieleza mengine. Upande wa kushuka ulikuwa chini ya omu moja. Upande wa kupanda ulirukaruka katika maelfu. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani na mabaki yanayonata ya kinywaji kilichomwagika. Dawa ya kusafishia vibati iliteremsha namba, lakini hazikutulia, na swichi isiyotulia leo itakataa tena mvua ikinyesha.

Swichi ya mtumba ilipatikana Kirinyaga Road. Fundi alilinganisha namba iliyopigwa chapa mgongoni na mpangilio wa pini, kisha akaipima dukani, pande zote mbili, kabla pesa hazijatoka. Baada ya kuifunga na kurudisha betri, alipima kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa kimo cha kawaida, kisha likiwa juu, kisha chini. Hakubonyeza mfululizo, kwa sababu kompresa hupata joto haraka. Wala hakuna aliyeingia chini ya gari lililoshikwa na hewa pekee: kabla ya kupiga jeki, mfumo huzimwa kwa kitufe chake, na stendi huwekwa.

Kazi ya mikono ilikuwa fupi. Thamani yote ilikuwa katika kupima, na hicho ndicho tusichopenda kukilipia. Mwenye gari hutoa pesa za spea bila kusita kwa kuwa anaishika mkononi, halafu anabishana na fundi juu ya malipo ya kutafuta ugonjwa. Tukiendelea hivyo, tunawafundisha mafundi kwamba kubadilisha ovyo kuna faida kuliko kufikiri. Ukipeleka gari gereji, Kawangware au penginepo, kubalianeni bei ya uchunguzi kabla ya bei ya kifaa, na uombe kuonyeshwa kipimo kilichokihukumu kifaa hicho. Fundi anayeweza kukuonyesha kipimo hicho mlipe vizuri.